Hamu Ipo, Chakula Hakipo: Nani Atunge Swali la Afya ya Vijana wa Mtaani?

Swali la tano ndilo lililonikwamisha. Nilikuwa karani wa utafiti, nimekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya chumba cha mabati jijini Nairobi, tableti mapajani, na mbele yangu msichana wa miaka kumi na minne aliyekuwa akikunja sare za wadogo zake. Hojaji ilikuwa ile inayotumika duniani kote kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na mambo haya? Kukosa raha. Kukosa usingizi. Kuchoka. Tukafika la tano: kukosa hamu ya kula, au kula kupita kiasi. Akaniangalia kama haamini kwamba nauliza kweli.

"Hamu ipo, dada. Chakula ndicho hakipo."

Kwenye tableti kulikuwa na majibu manne tu: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Jibu lake halikuwa na pa kukaa. Nikibonyeza "hapana kabisa", nimesema kweli kuhusu hamu na nimeifuta njaa. Nikibonyeza "karibu kila siku", nimeifanya njaa kuwa ugonjwa wa akili. Nilibonyeza la kwanza nikaendelea na swali la sita, kwa sababu nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi na jua lilikuwa linazama.

Siku ile niliwahoji watu tisa. Jioni tableti zikakusanywa, data ikatumwa, na ile njaa ikabaki palepale. Hojaji yenyewe si mbovu. Imewafaa madaktari wengi katika nchi nyingi. Tatizo ni kwamba kabla hatujatoka, hakuna aliyekuwa amekaa na mtu wa rika la yule binti akamuuliza kama maneno yale kwake yanamaanisha kile tunachodhani yanamaanisha. Tuliingia mtaani na nguo iliyokwisha kushonwa, tukitafuta wa kumvisha.

Ndiyo maana kila ninaposikia utafiti shirikishi, ule unaofanywa pamoja na wanaochunguzwa, ukisifiwa kwamba ni wa heshima, kwamba unawapa watu wa mtaa nafasi, nakubali lakini dukuduku haliniishi. Ni wa heshima, ndiyo. Ila kabla ya heshima kuna usahihi. Utafiti wa afya ya vijana wa mjini ambao vijana wenyewe hawakuwepo wakati swali linatungwa unaweza kupima kitu kingine kabisa, kwa ustadi mkubwa, na kisha serikali ikapanga bajeti juu ya kitu hicho kingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na vijana wetu wanalala juu ya vitanda ambavyo wengi wetu tunaoandika hojaji tuliviacha zamani, au hatukuwahi kuvilalia.

Uzito wa jambo lenyewe hauna ubishi. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa kwanza wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17, ulioongozwa hapa nchini na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi. Karibu asilimia 44 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka mmoja uliotangulia, na asilimia 12 hivi walifikia kiwango cha kuitwa wagonjwa. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka huohuo ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Upande wa Tanzania, uchunguzi kama huo mwaka uleule ulipata asilimia 22. Hizo ni namba za nchi nzima, mjini na kijijini pamoja. Namba inakuambia kuna moto. Haikuambii nani ameuwasha wala maji yako wapi, na hapo ndipo unapomhitaji anayeishi kwenye nyumba inayoungua.

Watu hudhani wazo hili la kuwashirikisha wenyeji limetujia na vitabu vya wageni. Historia inasema vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa mojawapo ya mahali pa kwanza duniani ambako utafiti wa aina hii ulipewa jina na kufanywa kazi. Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia wa Ufini aliyefika Tanganyika mwaka 1952, aliishi Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam, miongoni mwa Wazaramo, akajifunza kwa kukaa nao. Baadaye, kati ya 1975 na 1979, yeye na wenzake Watanzania na Wafini waliendesha mradi wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo, ambako wanavijiji walichambua hali zao wenyewe pamoja na watafiti badala ya kusubiri kuchambuliwa. Katika mji huohuo wa Dar es Salaam, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilisimamia mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaamua wao kama kwanza watachimba choo au watafukia dimbwi la mbu.

Katika kuishi kwake na Wazaramo, Swantz alitumia muda mwingi kuelewa mila za mwali, yaani msichana aliyevunja ungo na kuwekwa ndani afundwe. Hapa pana jambo ambalo watafiti wa leo wangelitazama vizuri. Anayemfunda mwali si mama yake. Ni somo, ni kungwi, mwanamke mwingine aliyekubaliwa na ukoo, ambaye binti anaweza kumuuliza yale ambayo ulimi unakuwa mzito kumuuliza mama. Sisemi unyago ulikuwa hauna dosari. Kuna mafunzo mle yaliyomfundisha binti kuvumilia asichostahili kuvumilia, na kuna mabinti waliotoka ndani wakaenda moja kwa moja kuolewa. Lakini jamii ile ilikuwa imejibu swali moja kwa busara: mtoto anayevuka anahitaji mtu mzima wa tatu, asiye mzazi wala mwalimu wa darasani. Mji umemwondoa somo na haujaweka mtu mahali pake. Kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, mama anatoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu na kurudi usiku, na shangazi yuko maili mia tatu.

Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, imejaribu kulijibu swali hilo upya, na historia yake inastahili kusimuliwa polepole. Mwaka 2002 kilianzishwa pale kituo kidogo cha wasichana kilichoitwa Binti Pamoja. Wasichana walipewa kamera. Waliambiwa wapige picha za maisha yao, kisha wakae chini wazungumze kuhusu walichopiga. Ukimpa msichana hojaji, umeshamchagulia mambo ya kuzungumzia. Ukimpa kamera, anarudi na ngazi ya choo isiyo na taa, na mlango usiofungika, na mvulana anayesimama kila siku kwenye kona ileile, yaani vitu ambavyo hakuna ofisi ingefikiria kuviweka kwenye orodha. Wale waliokua ndani ya kituo walikuja kuwa viongozi wa vikundi vipya vya wadogo zao katika vijiji vya Kibera. Somo alikuwa amerudi, safari hii akiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo na simu mkononi.

Kutokana na kazi ya aina hii ulizaliwa utafiti mkubwa zaidi. Mmoja wa waanzilishi wa Binti Pamoja, Karen Austrian, alikwenda kufanya kazi na shirika la utafiti la Population Council, na kuanzia 2015 shirika hilo likaendesha Kibera na Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, programu iliyoitwa AGI-K, kwa wasichana wa miaka 11 hadi 14. Angalia umri huo. Programu nyingi za afya ya uzazi huanza na wasichana wa miaka 15, wakati ambapo wengi wameshafikwa. Anayeishi mtaani anajua kwamba mambo huanza kubadilika darasa la tano au la sita, mwaka ambao mtu anaanza kumnunulia mtoto chipsi na kumwambia asimwambie mama. Kibera peke yake waliandikishwa wasichana zaidi ya 2,000 na kugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipata kazi ya kuzuia ukatili tu: watu wa mtaa walikaa katika mijadala, wakataja wenyewe hatari zinazowakabili wasichana, wakatunga mpango na wakapewa fedha za kuutekeleza. Kundi la pili liliongezewa msaada wa elimu, yaani karo, vifaa vya shule na fedha kidogo kwa familia mtoto akihudhuria masomo. La tatu likaongezewa vikundi vya kila wiki vya afya na stadi za maisha vilivyoongozwa na wanawake vijana wa palepale. La nne likapata yote hayo pamoja na mafunzo ya fedha na akiba.

Kazi yenyewe ilidumu miaka miwili, na watafiti wakarudi kupima tena mwaka 2019. Huko Kibera wasichana waliopata msaada wa namna nyingi kwa pamoja walikuwa na manufaa yaliyobaki hata baada ya fedha kuisha: masomo yaliendelea zaidi, walijua zaidi kuhusu miili yao na afya ya uzazi, na walikuwa na desturi ya kuweka akiba. Naipenda programu hii kwa sababu iliyakubali maisha ya msichana kama yalivyo. Hakuna msichana ambaye siku ya Jumatatu ana tatizo la karo, Jumanne ana tatizo la mimba, Jumatano ana tatizo la fedha. Yote yanakuja pamoja, mara nyingi kupitia kwa mtu mmoja anayejitolea kulipa lile la kwanza.

Kuna zoezi moja linalotumika katika kazi kama hizi ambalo kila mtafiti angepaswa kulifanya kabla ya kuandika hata sentensi moja ya hojaji. Unawapa wasichana karatasi kubwa na kalamu za rangi, unawaomba wachore mtaa wao. Shule, kisima, msikiti, kanisa, ukumbi wa video, kituo cha boda. Kisha unawaomba waweke alama ya mahali wanapojisikia salama na wasipojisikia salama. Baadaye unawaita wavulana wa rika lilelile, kwenye karatasi yao, wafanye vivyo hivyo. Unapoziweka karatasi mbili sambamba, unaona mitaa miwili. Mtaa wa mvulana ni mkubwa, unavuka reli, unafika uwanjani na hadi barabara ya lami. Mtaa wa msichana unaanza kusinyaa anapofika miaka 12, hadi unabaki nyumba, shule, kisima na njia za katikati. Mara nyingi kisima chenyewe kina alama nyekundu. Ukishaiona karatasi hiyo, unaelewa kwa nini kliniki nzuri ya vijana iliyofunguliwa upande wa pili wa reli haina wasichana. Hawajakosa elimu ya umuhimu wa kliniki. Njia ya kufika ndiyo tatizo.

Vijana wa Kibera walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuchora. Hadi 2009, eneo lao lilikuwa karibu tupu kwenye ramani za umma. Mwaka huo kikundi cha vijana wa humohumo kikashika vifaa vya GPS na kutembea kichochoro kwa kichochoro katika mradi wa Map Kibera, na baadaye ramani zikaongezewa afya, elimu na usalama. Mwaka uleule sensa ilihesabu Kibera watu 170,070, baada ya miaka mingi ambapo dunia ilikuwa ikiambiwa ni milioni moja. Mtaa ambao hata idadi ya watu wake ilitungwa na wapita njia una kila sababu ya kutaka kushika kalamu.

Lugha nayo ni uwanja mzima. Neno sonona linajulikana na madaktari na wasomaji wa magazeti. Kijana wa mitaa ya Nairobi kama Umoja au Mathare atakuambia ana "stress", au yuko "down", au anafikiria sana. Ukimuuliza kama ana sonona atasema hana, na atakuwa mkweli. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn na wenzake, ililielewa hili tangu jina lake. Kushamiri ni kustawi, ni mti uliopata maji, na hakuna mwanafunzi anayeona haya kuingia kwenye kikundi cha kushamiri. Vikundi vyao vya shule za sekondari havikuitwa matibabu. Viliongozwa na vijana waliomaliza shule miaka michache tu nyuma, kwa vipindi vinne vya saa moja, kimoja kila wiki, wakizungumzia uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na maadili anayoyathamini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lililohusisha wanafunzi 413 wa shule nne za Nairobi na Kiambu, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi saba baadaye. Kenya haina madaktari wa akili wa kutosha wala haitakuwa nao kesho. Kaka na dada waliotoka darasa lile juzi inao tele.

Sasa niseme lile linalonisumbua zaidi, kwa sababu sifa peke yake haitoshi. Tunaposema jamii imeshirikishwa, jamii ni nani?

Mtafiti anayetaka kuingia mtaani Kenya hupitia kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ofisi ya kaunti, chifu, mzee wa kijiji, kisha wahamasishaji wa afya ya jamii. Kisha huundwa kamati ya ushauri: mchungaji, imamu, mwalimu mkuu, kiongozi wa kina mama, na kijana mmoja ambaye mara nyingi ana miaka 29 na ameshawahi kugombea udiwani. Wote ni watu wazima. Wote wana jambo la kulinda. Msichana wa miaka 13 aliye kiini cha utafiti haonekani chumbani. Nimekaa katika kikao ambapo mzee mmoja aliyeheshimika alisema kwa utulivu kwamba mtaani kwao hakuna tatizo la watoto kuingiliwa, na kila mtu akanyamaza, na kumbukumbu za kikao zikaandika kwamba jamii imethibitisha. Wakati ule mhamasishaji aliyekaa kando yangu alikuwa akiutazama mkoba wake uliokuwa mapajani. Yeye alizijua nyumba zenyewe kwa namba za milango.

Ridhaa ina fundo hilohilo. Kwa kawaida mzazi hutia saini, kisha mtoto mwenyewe anaulizwa kama anakubali. Utaratibu huu ni mzuri na lazima ubaki, kwa sababu mtoto si mali ya utafiti. Lakini kuna nyumba ambako anayetia saini ndiye anayeogopwa, na kuna binti ambaye akiomba saini ameshafichua alichokuwa anakificha. Miongozo ya Kenya ya mwaka 2015 kuhusu utafiti wa VVU na afya ya uzazi kwa vijana balehe inatambua kwamba wapo wasiofikisha miaka 18 ambao tayari ni wazazi au wanajitegemea, na kuwa hao wanaweza kujisemea. Bado mtafiti anahitaji watu wa mtaa wamwambie ni wapi saini ya mzazi inamlinda mtoto na ni wapi inamziba mdomo. Hakuna mwongozo wa ofisini utakaokuambia hilo kuhusu mlango wa tatu kutoka bombani.

Wala ushirikiano si dawa ya kila kitu. Mkoani Mwanza, programu ya MEMA kwa Vijana ilifanya kazi ya subira tangu 1999 katika jamii 10 za vijijini, nyingine 10 zikiwa za kulinganishia: elimu shuleni, vituo vya afya vinavyowapokea vijana vizuri, rika kufundisha rika. Vijana zaidi ya 9,000 walifuatiliwa. Maarifa yalipanda, mitazamo ikabadilika, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua. Waliporudi miaka mingine kadhaa baadaye, hali ilikuwa ileile. Dar es Salaam nako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina walifanya jambo la akili: waliwafuata vijana wa kiume vijiweni, wakagundua kwamba vingi ni kambi zenye majina, viongozi waliochaguliwa na sheria zake, wakatumia muundo huohuo. Wengi wa vijana hao walikuwa wameshapita balehe. Kambi 60, wanaume zaidi ya 1,200, mikopo midogo kwa waliotaka kuanzisha biashara, na viongozi wa afya waliochaguliwa na wenzao. Baada ya miezi 30, magonjwa ya zinaa hayakutofautiana kati ya waliopata programu na wasioipata, na ukatili dhidi ya wapenzi wao haukupungua kama ilivyotarajiwa.

Wapo wanaoyatumia matokeo haya kusema kushirikisha jamii ni kupoteza muda. Mimi nayasoma kinyume. Mwanza ilitufundisha kwamba ukimfunza msichana kukataa huku ukiacha vilevile wanaume wenye fedha, wazazi wanaopokea zawadi na umaskini unaomsukuma, umempa ngao ya karatasi. Fundisho hilo linasaidia kueleza kwa nini programu za baadaye, kama ile ya Kibera, ziliweka karo na akiba na mijadala ya watu wazima katika kapu moja. Watu wa Mwanza na vijana wa kambi za Dar walitoa miaka yao ili sisi tujue hilo. Swali langu ni kama waliambiwa, kwa lugha yao, kwenye uwanja wao, kwamba majibu yao ndiyo yaliyotufundisha.

Maana hapo ndipo imani inapovunjika. Korogocho na Viwandani ni mitaa ya mabanda ya Nairobi ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kaya zake zilianza kutembelewa mara kadhaa kwa mwaka na kuulizwa nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama. Kutokana na subira ya watu wale, Afrika nzima imejua mengi kuhusu vifo na magonjwa ya mitaa ya mabanda ambayo wastani wa kitaifa ulikuwa ukiyaficha. Kijana aliyezaliwa huko amekua akihesabiwa. Anapogonga mlango karani mwingine na kusema utafiti huu utasaidia jamii, kijana huyo ana haki ya kuuliza ule wa mwisho ulisaidia nini, na karani aliyefunzwa vizuri awe na jibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Mwenyeji hajasahau sehemu ya pili ya methali.

Kupona kunawezekana, na Mukuru, eneo jingine la mabanda Nairobi, ni ushahidi. Wakazi wa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, wakiwa ndani ya Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, walishirikiana na vyuo vikuu na wanasheria kukusanya habari za mtaa wao: maji, vyoo, ardhi, hewa. Wakathibitisha kwa hesabu kwamba mkazi wa mabanda hulipia lita moja ya maji zaidi ya mkazi wa nyumba ya kifahari mwenye bomba jikoni. Mwezi Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Nyumba kumi kumi zikaunda seli, seli zikaungana, ili mpango usiandikwe bila kila kichochoro kuwa na mdomo. Baadaye barabara na visima vikaanza kuonekana. Barabara yenye taa ni afya ya binti wa miaka 13, na choo kilicho karibu kina maana kwake usiku kuliko semina yoyote. Katika ripoti za afya ya vijana balehe mambo haya huwekwa kando kama miundombinu. Kwenye ile karatasi ya kalamu za rangi ndiyo yanayoanza.

Halafu kuna fedha. Mwezi Januari 2025, serikali ya Marekani ilipoamuru misaada yake ya nje isimamishwe, programu za wasichana zilizotegemea fedha hizo, ikiwemo DREAMS ya kuwakinga wasichana na VVU, zilisimama ghafla. Vyumba vikafungwa, walezi wa vikundi wakaambiwa wasije. Ambako kikundi kilikuwa cha mradi, kilikufa na mradi. Ambako wasichana walikuwa na sanduku lao la akiba, daftari lao na mlezi anayeishi mlango wa pili, kuna sababu ya kuendelea kukutana, hata bila soda. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwaka 2023, kila mmoja na kaya zake, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Hawa ndio wanaowashika mkono makarani nyumba hadi nyumba, na ndio wanaobaki tukiondoka. Bajeti ya utafiti inayomlipa mshauri wa kigeni kwa siku kiasi ambacho mhamasishaji hapati kwa miezi kadhaa haiwezi kuitwa ushirikiano, hata kama barua ya maombi imelitaja neno hilo mara ishirini.

Miaka michache baada ya ile siku ya ndoo, niliajiriwa kwenye utafiti mwingine. Safari hii mkuu wa mradi alikuwa amewaajiri vijana sita wa mtaa wenyewe wiki tatu kabla ya mafunzo, kwa mshahara, wapitie hojaji neno kwa neno. Walipofika swali la tano, msichana wa miaka 19 akainua mkono. Akasema hili huku kwetu halijibiki. Msimamizi akaeleza, na alikuwa na haki, kwamba hojaji hiyo imepimwa na kuthibitishwa jinsi ilivyo, kwamba ukigusa neno moja huwezi tena kulinganisha majibu na ya nchi nyingine. Yule dada hakubishana naye. Akaenda ubaoni, akaliacha swali la zamani lilivyo, na juu yake akaandika lingine: katika wiki mbili zilizopita, kuna siku ulilala bila kula kwa sababu nyumbani hakukuwa na chakula?

Mjadala ulichukua karibu saa nzima. Alasiri ile swali likaingizwa kwenye tableti, na Jumatatu asubuhi tukatoka nalo.